Injini inakufa kila resi? Kutatua matatizo ya Street Rod kwenye DOSBox na Commodore 64

Nianze na lile linalotesa watu wengi zaidi. Umepata Street Rod, ile gemu ya mbio za magari ya California Dreams ya 1989, umeiwasha kwenye laptopu, umefungua gazeti umenunua gari la kuanzia kwa zile dola 750 unazopewa, umeenda Bob's Drive-In, pale wapinzani wanapokutana, akaja jamaa mkakubaliana kushindana, mnajipanga, unakanyaga mafuta, hujakaa hata sawa mshale wa mizunguko umeshapita nyekundu na injini imekufa. Unarudi gereji, unatafuta injini nyingine kwenye gazeti, unarudi barabarani, inakufa tena. Ukishaua injini tatu namna hiyo hela imeisha na umeshaanza kuamini kwamba hujui kubadili gia.

Inawezekana kweli hujui, hilo tutalifikia. Ila mi kila anayeniuliza namwambia kagua saa kwanza, gari baadaye. Mbio za dragi ni mstari ulionyooka na muda basi, robo maili ambayo ni kama mita 402, hamna kona ya kukuokoa, mshindi anapatikana kwa kipande kidogo cha sekunde. Kwa hiyo chochote kinachoharibu muda, iwe emuleta (programu kama DOSBox inayoiga kompyuta ya zamani) inayokimbia kupita kiasi, tv inayochelewesha picha, spika inayochelewesha mlio au kibodi inayomeza vitufe, kwenye gemu ya kawaida ungekivumilia lakini huku kinakuulia injini.

Mshale unaruka mpaka nyekundu kabla jicho halijauona

Hapa asilimia kubwa tatizo ni cycles za DOSBox, ile namba inayoamua prosesa inayoigwa iende kasi gani. Gemu nyingi za DOS (mfumo wa PC wa kabla ya Windows) za miaka ile ziliandikwa mtengenezaji akijua mashine za wateja wake zina mwendo gani, kwa hiyo sehemu nyingine za gemu hazisomi saa kabisa, zinakwenda kasi ile ile prosesa inayokwenda. Ukiipa prosesa ya leo inachapa yale mahesabu mara mia, wewe unaona gari limerukwa na akili.

Angalia juu kabisa ya dirisha la DOSBox, pale kwenye kichwa chake inaandika cycles ngapi. Ukikuta imeandika max, hapo hapo umempata mwizi. Bonyeza Ctrl na F11 kupunguza, Ctrl na F12 kuongeza. Kwenye DOSBox 0.74 ikiwa hujagusa mipangilio, kila ukibonyeza kupunguza inashuka asilimia 20 na kuongeza inapanda asilimia 10, kwa hiyo usishangae ukipunguza mara moja na kuongeza mara moja hurudi ulipokuwa. Mi naanzia 3000, ambayo kwa makadirio ni mwendo wa mashine za kizazi cha 286 (prosesa za miaka ya themanini), halafu napiga resi gari likiwa limesimama na kutazama mshale. Unatakiwa upande kwa namna ambayo jicho linaufuata na kidole kinapata muda wa kufanya uamuzi. Ukiona unapanda kwa kukwamakwama kama saa mbovu umepunguza sana, panda kidogo kidogo mpaka ulainike. Ukishapata namba inayokufaa usiiache ipotee, fungua faili la mipangilio nenda sehemu ya cpu andika cycles=fixed 3000 (au namba yako uliyoipata) uhifadhi.

Hilo neno fixed lina uzito, na nilijifunza kwa uchungu. Nilikuwa na gari nililolijenga jioni nyingi sana, injini kubwa, manifoldi mpya, giaboksi ya gia nne, na nilikuwa nimeweka cycles=max manake siku ya kwanza ilionekana inakwenda vizuri kwenye laptopu yangu ya zamani ambayo yenyewe ilikuwa dhaifu. Nikaingia kushindania kadi ya gari, yaani anayeshindwa anakabidhi gari lake, na tukiwa tumeshajipanga umeme ukakatika. Laptopu ikahamia kwenye betri, ikajishusha mwendo ili iokoe chaji, gemu nayo ikapungua kasi ghafla, mlio ukawa wa kukatika katika, mimi vidole vimezoea mwendo ule wa mwanzo nikabadili gia sipo. Gari likaenda. Iliniuma kwa kweli. Baadaye nikaelewa kilichotokea: max maana yake ni tumia nguvu yote iliyopo, sasa ile nguvu iliyopo ikibadilika na gemu inabadilika katikati ya mbio. Ukiweka namba maalum ambayo laptopu yako inaimudu hata ikiwa kwenye betri, mwendo unabaki ule ule umeme uwepo usiwepo.

Kama wewe unacheza kwenye PC halisi ya zamani sio emuleta, angalia kitufe cha turbo mbele ya kasha, mashine nyingi za 286, 386 na 486 zinacho na kazi yake ni hiyo hiyo ya kushusha mwendo. Na ukijaribu gemu za DOS kwenye Pentium II ukaona Runtime error 200 ikafunga, hiyo ni programu iliyoandikwa kwa Turbo Pascal, inapoanza inapima kasi ya prosesa kwa kugawanya namba, prosesa ikiwa na kasi mno jibu linazidi nafasi yake na inaanguka. Peleka kwenye DOSBox yenye cycles ndogo utaona inafunguka.

Mwendo uko sawa ila bado unachelewa kubadili gia

Hapa ndo watu wanapopoteza siku nzima. Cycles umeweka vizuri, mshale unauona, unabonyeza kwa wakati kabisa na injini bado inakufa au gari linasita.

Swali langu la kwanza huwa ni unasikilizia wapi. Ukinijibu Bluetooth tumemaliza. Anayecheza dragi vizuri habadili gia kwa macho, anabadili kwa sikio, anasikia injini inavyolia na mkono unakwenda wenyewe, na spika au hedifoni ya Bluetooth inakuletea mlio ambao umeshapita, kwa zile za bei rahisi mara nyingi robo ya sekunde hivi. Wewe unasikia injini bado ina nafasi kumbe kwenye gemu imeshafika nyekundu. Chomeka waya. Nimeona mtu anahangaika wiki nzima na kabureta, kumbe tatizo liko masikioni.

La pili ni skrini. Ukiunganisha laptopu kwenye tv ya kisasa, tv inachukua picha inaisafisha inaikuza inairembesha ndo inakuonyesha, na yote hayo yanakula muda. Ingia kwenye menyu ya tv tafuta hali ya gemu, iwashe, inazima ule urembo. Kwa hesabu rahisi, tv ikichelewesha sehemu moja ya kumi ya sekunde ni fremu (picha moja moja za skrini) 5 kwenye mfumo wa fremu 50 kwa sekunde, na kwenye kuondoka mstarini fremu 5 ni nyingi sana, mwenzako ameshaondoka wewe bado unaona amesimama.

La tatu kibodi. Dalili yake ni kwamba gia inaingia vizuri ukiwa umeachia mafuta ila ukiwa umekanyaga na unanyoosha usukani haiingii. Kibodi za kawaida ndani yake zina nyaya za mistari na safu zinazokatana, kitufe kinatambulika kwa mstari na safu yake, na vitufe vitatu vikibonyezwa pamoja kwenye kona fulani kibodi haiwezi kujua cha nne kimebonyezwa au la kwa hiyo inaamua kukipuuza. Haijaharibika, ndivyo ilivyoundwa. Jaribu kibodi nyingine, au tumia ramani ya vitufe ya DOSBox (Ctrl na F1) uhamishie kazi kwenye vitufe vya mbali mbali. Vitufe kama Shift, Ctrl na Alt mara nyingi haviingii kwenye tatizo hili.

Gari linajivuta upande mmoja lenyewe

Una gemupedi imechomekwa kwenye usb, hata kama huitumii. DOSBox inaiona, gemu inaiona, na kijiti ambacho hakijakaa katikati sawasawa kinasomeka kama unapiga kona. Ichomoe uone. Kama hutaki jostiki kabisa, kwenye lile lile faili la mipangilio andika joysticktype=none. Kama unaitaka lakini inahama hama yenyewe badilisha timed=true iwe timed=false, hiyo imetibu nyingi nilizokutana nazo.

Haifunguki kabisa

Ukibofya moja kwa moja faili la exe kwenye Windows ya 64 biti haitafunguka hata ufanyeje, Windows hizo hazina tena uwezo wa kuendesha programu za 16 biti. Sio gemu mbovu. Tumia DOSBox, tengeneza folda mfano c:\gemu, weka faili zote humo, kisha andika mount c c:\gemu, halafu c: na uingie kwenye folda. Ikikwambia Illegal command umeandika jina vibaya au hujaingia kwenye folda sahihi, andika dir uone kilichopo.

Na usiweke gemu ndani ya Program Files, wala usiendeshe kutoka ndani ya zip. Pale Windows inazuia kuandika, utacheza vizuri kabisa masaa mawili alafu ukihifadhi haihifadhi, kesho yake umerudi na dola zako 750 kama hukuwahi kushinda hata resi moja.

Sauti ikikosekana ingia kwenye programu ya kuchagua sauti ya gemu kama ipo. Gemu za miaka ile mara nyingi zinaijua spika ya ndani ya PC na AdLib (kadi ya sauti ya zamani), ukichagua kadi ambayo gemu haikuwahi kuisikia utabaki kimya, na kimya kwenye dragi ni hasara kwa sababu ile niliyosema ya sikio.

Wale wa Commodore 64

Street Rod ilitoka pia kwa Commodore 64 na Amiga, kompyuta za nyumbani za enzi hizo, na kama una mashine yenyewe mkononi basi matatizo yako ni ya chuma zaidi kuliko ya programu.

Kabla hujawasha chochote pima adapta. Nasisitiza hili kuliko yote. Zile adapta za zamani za Commodore zimejazwa gundi ngumu ndani, zinapata joto, na zikichoka mara nyingi hazishuki volti bali zinapanda, upande wa volti 5 unaanza kutoa 6 au zaidi na memori zinaungua kimya kimya. Chukua mita, ikizidi 5.25 usiichomeke, tafuta adapta mpya iliyotengenezwa siku hizi. Ukiwasha na kila kitu ni kizima utaona skrini ya bluu na 38911 BASIC BYTES FREE. Ukipata skrini nyeusi tupu na adapta ni nzima, fundi aanze kushuku chipu ya PLA (inayoelekeza memori) na memori zenyewe.

Kama umeletewa mashine na ndugu aliyeko Marekani kuna mambo mawili tena. Adapta yake ni ya volti 120, ukichomeka kwenye 230 za huku imekwisha. Pia picha yake ni NTSC, mfumo wa tv wa Marekani, na tv inayojua PAL ya huku tupu itakuonyesha rangi zimepotea au picha inazunguka. Hata ukitumia transfoma ya kushusha volti, umeme unabaki wa mizunguko 50 badala ya 60, na ile saa ya ndani ya chipu zinazoitwa CIA inayohesabu kwa umeme wa ukutani itachelewa isipopangwa.

Sasa hii ya PAL na NTSC nataka niikalie kidogo kwa sababu inahusu dragi moja kwa moja. Commodore ya PAL inachora fremu 50 kwa sekunde, ya NTSC karibu 60. Gemu nyingi za Commodore zinahesabu kila kitu kwa fremu, mwendo wa gari, mshale, hata saa ya mbio. Chukua gemu iliyoandikwa Marekani, mbio zake zikichukua fremu 720 kule ni sekunde 12 kamili. Ileile kwenye mashine ya PAL fremu 720 zinachukua sekunde 14.4 za ukutani, lakini saa ya gemu bado itakuandikia 12. Kwa hiyo ukiona kila kitu ni kizito, muziki unavuta, na bado unapata muda mzuri kuliko rafiki yako mwenye mashine ya Marekani, hujamzidi uhodari, una muda mrefu zaidi wa kufikiri kwenye kila gia. Kwenye VICE, emuleta ya Commodore, unabadilisha PAL na NTSC kwenye mipangilio ya modeli, weka ile ambayo gemu iliandikiwa.

Hesabu hii ya fremu imewahi kuzua kesi kubwa. Gemu ya Dragster ya Activision, aliyoiandika David Crane 1980 kwa ajili ya konso ya Atari 2600, kwa miaka mingi rekodi yake ilikuwa sekunde 5.51. Baadaye mtu akaichambua programu yenyewe mstari kwa mstari, kwa kuwa saa yake inaruka kwa hatua za fremu na gari lina kanuni zake, ikaonekana muda mfupi kabisa unaowezekana ni 5.57. Mwaka 2018 Twin Galaxies, wanaotunza rekodi za gemu, wakaiondoa ile rekodi. Mi naipenda habari hii kwa sababu inaonyesha kwamba ndani ya hizi gemu muda ni kitu cha kuhesabika, ukijua mashine yako inahesabuje unajua pia nini hakiwezekani.

Turudi kwenye chuma. Kaseti haisomi, inazunguka mpaka mwisho au inatoa LOAD ERROR: safisha hedi ya rekoda kwa pamba na spiriti safi, ikigoma kuna skrubu ndogo pembeni ya hedi inayorekebisha ulalo wake, izungushe taratibu sana, robo mzunguko ni nyingi. Disketi haisomi: amri ni LOAD"*",8,1 na ukipata DEVICE NOT PRESENT drevi imezimwa au waya umelegea, ukipata FILE NOT FOUND drevi iko hai ila haikisomi kilichomo, safisha hedi na ujaribu disketi nyingine. Kama umechomeka katriji ya kuharakisha kusoma, itoe, gemu zenye kinga yake na utaratibu wake wa kusoma zinagombana nazo na unaweza kudhani disketi imekufa.

Jostiki haifanyi kazi na badala yake skrini inaandika herufi za ajabu: umechomeka tundu la 1. Tundu hilo linatumia nyaya zile zile za kibodi, kwa hiyo ukisukuma jostiki kompyuta inadhani unaandika. Gemu nyingi zinataka tundu la 2, hamisha. Kwenye VICE ni vivyo hivyo, angalia mipangilio imeweka jostiki kwenye tundu lipi, na kama laptopu yako haina zile namba za pembeni chagua vitufe vingine vya kibodi. Na gemu ikikimbia kama imefukuzwa na mlio umepotea, umegusa Alt na W bila kujua, hiyo inawasha mwendo wa kuruka kwa ajili ya kusubiria disketi, bonyeza tena izimike.

Vyote viko sawa na bado unashindwa

Basi sasa ni gari na mguu. Matairi yakiserereka mwanzoni umepiga resi kubwa mno kabla ya kuondoka, shusha. Badili gia kabla ya nyekundu, ukisubiri uiguse umechelewa. Ukifungua boliti za manifoldi au giaboksi gereji hakikisha umezirudisha zote kabla ya kutoka. Jaza mafuta kituoni. Shindana kwa hela ndogo kwanza, hata kwa ajili ya kujifurahisha tu, mpaka uone gari linaitika kila mara kwa namna moja, ndipo uweke kadi mezani.

Na King, yule bingwa wa gemu mwenye Corvette, usimfuate siku ambayo umegusa mipangilio yoyote. Umebadili cycles, umebadili kibodi, umehamia tv nyingine, nenda kwanza ukashindane mara tatu nne na hawa wa kawaida wa Bob's, mkono uzoee muda mpya. Kiangazi cha 1963 kwenye gemu kina mwisho wake lakini siku moja ya mazoezi unayo. Kabla hujatoka kwenda kwake nakili folda nzima ya gemu uiweke pembeni.